Moto Mbele, Mwezi Mgongoni

Tembo akitoka upande wa Voi ni mwekundu. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni kabila lake, kumbe ni tembo yule yule wa kijivu aliyejimwagia vumbi la Tsavo mpaka likamkaa kama nguo. Huku kwetu Mata, upande wa Taveta, kiangazi kikikaza, wako wanaoteremka hadi Ziwa Jipe kunywa, na siku moja nilisimama mbali, upande wa matete, nikamtazama mmoja akiingia majini. Alipotoka alikuwa tembo wawili. Kuanzia tumboni kwenda chini alikuwa mweusi anayeng'aa. Ubavuni kwenda juu bado mwekundu. Ulimkaa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, na nilijua bila kuambiwa na mtu kwamba mnyama huyu katembea nchi gani na katoka kuoga wapi.

Nilimkumbuka tembo huyo mpwa wangu alipokuja likizo na kompyuta yake, akaiweka juu ya meza kwa mama yangu, akafungua gemu. Mimi nilikuwa nimepita kumjulia mama hali tu.

"Mjomba, kaa kidogo uone," akaniambia. Akaingia mahali pa kuchagua lugha, akaweka Kiswahili. Sauti ikatoka. Mama, aliyekuwa mlangoni anachambua kunde, akainua kichwa.

"Huyo anayesema ni nani?"

"Ni Zau, bibi. Amefiwa na baba yake."

"Masikini. Poleni," akasema mama, akarudi kwenye ungo wake.

Nilikaa mpaka chai ikapoa, na kesho yake nikarudi tena.

Gemu lenyewe linaitwa Tales of Kenzera: Zau. Lilitoka tarehe 23 Aprili 2024, kazi ya Surgent Studios, kampuni iliyoanzishwa Uingereza na Abubakar Salim, mwigizaji mwenye asili ya Kenya. Wachezaji walikuwa wanamjua kwa sauti kabla ya hapo, maana ndiye aliyekuwa Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Baba yake alikuwa akimsimulia ngano alipokuwa mdogo. Baba akafa, na miaka mingi baadaye, Desemba 2023, mwanawe akasimama jukwaani Marekani mbele ya watu wa gemu wa dunia nzima, akatangaza mchezo huu na kuzungumza juu ya msiba. Katika kisa, kijana Zuberi anaachiwa kitabu na marehemu baba yake. Ndani ya kitabu yumo Zau, mganga kijana, ambaye naye amefiwa na Baba. Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, wanawekeana sharti: amletee roho tatu kubwa, naye atamrudishia baba yake. Ni ngano ndani ya ngano, kama zile za mama ambamo sungura wa kwanza humsimulia fisi habari za sungura wa pili.

Lakini kilichonikalisha ni rangi.

Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Akivaa cha jua anakuwa wa moto: nguo zinageuka rangi ya chungwa lililoiva, anapigana kwa karibu, ana kwa ana na adui. Akivaa cha mwezi anakuwa wa samawati, baridi, anasimama mbali na kurusha vipande kama vya barafu. Mchezaji hubadilisha kwa kubofya kitufe kimoja, hata katikati ya ruko. Niliona mpwa wangu akifika kwenye maporomoko ya maji yasiyopandika. Kidole kikagusa, Zau akawa samawati hewani, maji yakaganda, naye akadunda juu yake kama kwenye ukuta. Jambo zima halikufika nusu dakika, nami niliyekuwa sijawahi kushika mchezo huo nililielewa lote, kwa sababu rangi iliniambia kabla ya miguu ya Zau kufika.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria sauti za mama. Mama akisimulia, fisi huzungumza puani. Sungura huongea haraka, maneno yanakanyagana. Zimwi lina sauti inayotoka chini ya kifua, na kabla halijasema lolote mama hunyamaza kidogo, akavuta pumzi. Tulikuwa tunajikunyata kwa ile pumzi. Hakuhitaji kutuambia "zimwi likasema". Msimuliaji ana mdomo mmoja na wahusika kumi, lazima kila mmoja ajulikane kwa silabi ya kwanza. Mchoraji wa gemu ana shida hiyo hiyo, ila yake ni ya macho. Mhusika wake kwenye kioo ni mdogo kama kidole, anakimbia, nyuma yake kuna msitu na mbele yake kuna adui, na mchezaji anatakiwa kumjua kwa kupepesa jicho mara moja. Rangi ndiyo ile pumzi ya mama.

Wazee wa kazi hii waliijua shida hiyo tangu vioo vilipokuwa na nukta chache za kuhesabika. Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto wa Nintendo alimchora fundi wa kuruka mapipa, yule aliyekuja kuitwa Mario. Nukta hazikutosha kuonyesha mdomo, akampa masharubu. Nywele zilikuwa taabu kuzichora, akamvika kofia. Mikono ilikuwa inapotelea kiwiliwilini anapokimbia, akamvika bwelasuti ya rangi moja na shati la nyingine ili mkono uonekane ukienda na kurudi. Kila kitu ambacho watoto wa dunia nzima wanakipenda kwa Mario kilianza kama jibu la swali la fundi. Namheshimu sana mtu anayekaa na swali dogo namna hiyo mpaka limzalie mhusika.

Na kabla ya rangi kuna kivuli. Wachoraji wengi humjaza mhusika weusi mtupu kwanza, kama kivuli ukutani, wakatazama: je, anajulikana? Asipojulikana akiwa kivuli, rangi haitamwokoa. Waliotengeneza Team Fortress 2, mwaka 2007, waliwapanga watu wao tisa hivyo, kila mmoja ana mabega yake, kiuno chake na namna yake ya kusimama, kiasi kwamba ukimwona kwa mbali kama doa jeusi unajua ni yupi. Rangi nyekundu na buluu zikabaki na kazi moja tu ya kuonyesha yuko timu gani. Kila nikiwaza habari hii namkumbuka Lwanda Magere wa Waluo, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ikamgonga na kuanguka, mpaka siri ilipotoka kwamba uhai wake umo kivulini. Wakakichoma kivuli, akafa. Ngano ilishajua kwamba mtu mzima anaweza kukaa ndani ya umbo lake jeusi.

Sasa jambo moja la ajabu kuhusu ngano zetu: hazisemi rangi. Jaribu kukumbuka. Zimwi lilikuwa na rangi gani? Nunda mla watu, yule wa hadithi za Unguja, manyoya yake yalikuwaje? Utaambiwa macho mekundu, meno meupe, usiku mweusi, na hapo rangi zimekwisha. Kiswahili chenyewe kina rangi tatu tu zinazobadilika na jina la kitu kama sifa nyingine: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Mtu mweusi, kitu cheusi, maji meusi. Zilizobaki nyingi tumeziazima kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, manjano kwa kiungo cha mchuzi, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda linalotia watoto ulimi rangi. Nyekundu iliyokolea tunaiita damu ya mzee. Ngozi ya mtu tunasema ni maji ya kunde, na siku ile, nikiyatazama maji aliyorowekea mama kunde zake, niliona tumepatia kweli: wekundu kidogo, weusi kidogo, na chini yake mwanga.

Kwangu huu ni utajiri kwa mchoraji. Rangi zetu nyingi haziko peke yake hewani, kila moja imekuja na kitu chake na harufu yake. Mchoraji wa Kiswahili akisema mhusika wake ni wa kijivu, tayari kasema jivu, tayari kuna meko na asubuhi na moto uliozimika. Anayechagua rangi kwa kuburuta kidole kwenye duara la kompyuta anaweza kupata kijivu hicho hicho kwa namba, lakini hakuletewa na meko.

Zile tatu za asili zina uzito wa pekee. Victor Turner, mtaalamu wa mila aliyekaa na Wandembu wa Zambia, aliandika katika miaka ya 1960 jinsi nyeupe, nyekundu na nyeusi zinavyobeba jando, uganga na maziko yao. Pwani tunazo tatu hizo hizo katika kisutu, kanga ya bibi harusi. Mama ana kisutu chake cha tangu aolewe. Mpwa wangu alikitandika juu ya kiti, akakipiga picha kwa simu, kisha akaiondoa rangi picha ibaki nyeusi na nyeupe kama za zamani. Nyekundu ikatumbukia ndani ya nyeusi, huwezi kuzitenga vizuri tena. Nyeupe peke yake ikaruka mbele. "Ndiyo tunafanya hivi kila siku, mjomba," akasema. "Unaondoa rangi uone nani atabaki." Kumbe aliyepanga kisutu cha kwanza aliweka nyeupe kama mtu anayeweka taa: nyekundu na nyeusi ni mwili, nyeupe ndiyo inayoita macho kutoka ng'ambo ya ukumbi.

Turudi kwa Zau. Kwa nini waliacha zile tatu wakachukua chungwa na samawati? Jibu la darasani ni jepesi: rangi hizo mbili zinatazamana katika duara la rangi, zikikaa pamoja kila moja huiwasha nyingine, na hata wanaume wasiotofautisha vyema nyekundu na kijani huziona mbali mbali. Hiyo ni sababu nzuri, na mabango mengi ya sinema yamepakwa hivyo mpaka macho yamechoka. Mimi nina sababu yangu, nimeifikia kwa kukaa jioni Jipe.

Nenda pale jua linapozama nyuma ya milima ya Upare. Mwanamke amesimama ukingoni, kanga yake nyekundu, ndoo yake ya buluu. Mwanzoni kanga ndiyo inayoonekana. Nusu saa baadaye kanga imekuwa nyeusi, na ndoo bado iko, inaelea gizani kama ina taa yake. Mwaka 1819 Jan Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia, aliliona jambo hilo katika maua: mwanga unapofifia nyekundu hufa kwanza, buluu hudumu. Macho yetu ndivyo yalivyo. Kwa hiyo kumpa mwezi rangi ya samawati kuna ukweli ndani yake ambao mtu yeyote aliyewahi kuchota maji magharibi anaujua.

Na ngano husimuliwa lini? Usiku. Tulikatazwa kabisa kuzisimulia mchana. Tulikaa kuzunguka moto, na aliyekaa hapo ana rangi mbili, kama tembo wangu wa Jipe. Uso na kifua ni rangi ya chungwa, moto unampaka. Mgongo ni wa mwezi, baridi, unaelekea migomba na lile giza ambalo hatukutaka kuligeukia. Mama akisema "Paukwa", tukajibu "Pakawa" kwa nyuso za moto, huku migongo yetu yote ikiwa ya samawati. Sijui ni nani aliyempakia Zau rangi zake, wala siwasemei. Ninasema nilichokiona mimi: kijana yule amevikwa usiku wa ngano. Kinyago cha jua ni upande uliotazama moto na watu, upande wa kupigana kwa karibu. Cha mwezi ni ule uliotazama nje, upande wa kukaa mbali na kungoja. Aliyefiwa anazijua pande zote mbili, na hubadilishwa kutoka moja hadi nyingine bila taarifa, hata katikati ya ruko.

Kuna maadui katika mchezo huo wanaokuja na ngao isiyovunjwa ila na kinyago kimoja. Ukiwa na moto mahali pa baridi unapiga bure. Mpwa wangu alilia na mmoja wao mpaka mama akamwambia aache kwanza ale.

Pale ambapo sikuridhika ni katika mapigano yakishapamba moto. Cheche za chungwa, vipande vya samawati, mwanga wa adui, vyote vinarushwa pamoja, na Zau mwenyewe ananipotea. Fundi aliyempa rangi mbili tu angehitaji kuzilinda, ziwe zake peke yake, kama kiti cha msimuliaji ambacho mtoto mwingine hakikalii. Lakini hilo ni la muda mfupi. Vumbi likitulia unamwona tena palepale ulipomtazamia.

Zile roho tatu zimetoka mbali. Impundulu ni ndege wa radi wa Waxhosa na Wazulu, anayekuja na tufani. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, jitu linalokaa ukingoni mwa shimo na kuwachokoza wapita njia walirushie mawe. Jiwe hudunda na kumwangusha aliyelirusha. Kikiyaon ni bundi wa kutisha wa Senegali na Gambia, mla roho. Wako watakaosema hiyo ni achari, ngano za watu mbalimbali zimetiwa kwenye chupa moja, na mchezo unaosema umetoka katika ngano za Kibantu umewachukua hata wasio Wabantu. Nami ningependa siku moja kuona roho ya hapa, ya fighi, misitu ya matambiko ya Wadawida, ambako mti haukatwi ovyo. Hata hivyo nikikumbuka Taveta ya karne ya 19, misafara ya pwani inapumzika chini ya msitu wake kabla ya kuendelea Kilimanjaro na Umasaini, naona kwamba mizimu ilishasafiri zamani. Wapagazi walitua mizigo, wakawasha moto, na usiku haukupita kimya. Kila mmoja alikuwa na jitu la kwao.

Hata hapa Kenya kazi hii ina miaka yake. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, msichana anayetafuta vitu vya kale vya Afrika, mhusika wa pande tatu aliyetengenezwa na kijana mmoja kwa mikono yake mwenyewe na kompyuta aliyokuwa nayo. Waliokuja baada yake walikuta njia imekanyagwa.

Siku ya mwisho ya likizo mpwa wangu alinionyesha jambo lake mwenyewe, kwa haya kidogo. Anataka kuchora mhusika kutoka Ziwa Challa.

Challa liko upande wa juu wa Taveta, nusu letu, nusu la Tanzania, bakuli la volkano lenye kuta zinazoteremka ghafla hadi majini. Hakuna mto mkubwa unaoonekana kulijaza. Maji yake hupita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Na hubadilika rangi. Kuna siku ni samawati nzito, kuna siku ni kijani cha chupa. Miezi ya upepo na ubaridi maji huchanganyika hadi chini sana, mwani mdogo wenye maganda kama ya kioo huzaliana kwa wingi, hufa, na kushuka kama ukurasa mweupe. Mvua zikija hushuka ukurasa mweusi juu yake. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa hilo wakapandisha matope ya zaidi ya mita 200, yaliyojaa mistari hiyo, mweupe juu ya mweusi, mweusi juu ya mweupe. Ziwa lenyewe limekuwa likisuka kwa rangi mbili tangu zamani za zamani.

Ngano yake ni kwamba palikuwa na kijiji cha Wamasai pale, kikatoweka na watu wake na mifugo yake, na mpaka leo ukikaa kimya husikia ng'ombe wakilia chini ya maji. Mmisionari Charles New alifika ukingoni mwaka 1871 na akaandika kisa hicho. Wazee wa hapa hawakuhitaji aandike. Mpwa wangu anataka ng'ombe mmoja kati ya wale atoke majini na kumfuata mtoto nyumbani. Alikuwa amekwama. Kivuli alishakipata, pembe pana na nundu, unamjua hata akiwa doa. Rangi ndiyo ilimshinda. Alijaribu samawati akaona ni rahisi mno. Alijaribu nyeupe, ng'ombe akawa mzuka wa sinema.

"Ngano haisemi, mjomba."

Nikamwambia amuulize bibi yake. Mama alikuwa palepale mlangoni, safari hii anasuka ukili. Hakuinua kichwa wala hakufikiri.

"Ni mwekundu," akasema. "Ana baka jeupe kwenye paji la uso, na mguu mmoja wa nyuma mweusi mpaka gotini, ule wa kushoto."

Tukatazamana. Miaka yote hiyo aliyotusimulia hakuwahi kulitaja baka wala mguu.

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Mliuliza?"

Mpwa wangu akavuta kiti karibu na mlango, kompyuta mapajani. "Bibi, baka ni kubwa kiasi gani?" Mama akaweka ukili chini, akamwonyesha kwa kiganja chake kwenye paji la uso wake mwenyewe.